Ndoo ya maji isiwe bei ya imani



Dominika ya 3 ya Kwaresima, katika Mwaka A wa liturujia, Mama Kanisa hutusomea habari mbili za maji. Somo la kwanza, kutoka kitabu cha Kutoka sura ya 17, linatupeleka jangwani ambako Waisraeli wana kiu, wanamnung'unikia Musa, na Mungu anawapa maji kutoka mwambani. Injili, Yohane sura ya 4, inatuketisha kando ya kisima cha Yakobo, saa sita mchana, ambako Yesu aliyechoka kwa safari anaongea na mwanamke Msamaria aliyekuja kuchota. Kiu ya koo na kiu ya roho zinasomwa katika Misa moja. Nawaalika tuyatumie masomo haya kujibu swali ambalo siku hizi linabisha hodi katika parokia na makanisa mengi nchini.

Swali lenyewe ni hili. Kanisa la kijijini linapata marafiki, wa ng'ambo au wa mjini, wenye moyo wa kusaidia. Wanaandika: tutawachimbia kisima, na kupitia kisima hicho ninyi mtaitangaza Injili. Mara nyingine barua inaongeza masharti. Kisima kiwe ndani ya uzio wa kanisa. Watu washiriki sala fupi kabla bomba halijafunguliwa. Mwisho wa mwaka itumwe idadi ya walioongoka. Halmashauri ya walei inakaa kikao, wajumbe wanatazamana. Kijijini wapo Wakatoliki, Walutheri, Wapentekoste, Waislamu na wanaofuata dini za jadi, na wote wanachota katika dimbwi moja pamoja na ng'ombe. Tujibu nini?

Jibu langu nitalisema mapema, kisha nitalieleza. Maji tuyapokee kwa shukrani. Kristo tumtangaze bila haya. Lakini maji yasigeuzwe kuwa bei ya kumsikiliza Kristo.

Kwanza, tusiichukulie kiu kwa wepesi. Takwimu za Shirika la Afya Duniani na UNICEF zinaonyesha kwamba mwaka 2022 watu wapatao bilioni 2.2 duniani hawakuwa na huduma ya maji ya kunywa yenye usalama wa uhakika. Tusiopungukiwa na maji tunaisoma namba hiyo na kufungua ukurasa mwingine. Mama wa kijijini anaijua kwa shingo yake. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na familia haiishi kwa dumu moja. Msichana anayeamka alfajiri kufuata maji mbali hufika shuleni amechelewa, au hafiki kabisa. Mtoto anayekunywa maji ya dimbwi huharisha, na kipindupindu kikiingia hakiulizi mtu anasali wapi.

Taifa letu lilikwisha kuiona aibu hii zamani. Mwaka 1971 serikali ya Mwalimu Nyerere ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, ukilenga kila mwananchi apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake ifikapo 1991. Mwaka huo ulipita na lengo halikufikiwa. Kazi imeendelea, na mengi yamefanyika, lakini wapo ambao hadi leo mita 400 kwao ni ndoto. Ndiyo maana parokia inayopata nafasi ya kuleta maji haina ruhusa ya kuipuuza. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015 juu ya utunzaji wa nyumba yetu ya pamoja, Laudato si', alifundisha kwamba kupata maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila binadamu, kwa sababu bila maji hakuna uhai, na bila uhai haki nyingine zote hazina pa kukaa.

Hapo sasa tuone hatari iliyopo. Kama maji ni haki ya mtu kwa sababu tu ni mtu, mimi ni nani niweke sala yangu kati ya mdomo wake na ndoo? Mwenye kiu hana uhuru wa kujadiliana. Ukimwambia asali ndipo achote, atasali. Ukimwambia aandike jina, ataandika. Ukimwambia abatizwe, huenda akabatizwa. Lakini ni nini hasa umekipata? Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Ni kweli, na siku mkono huo utakapokuwa mtupu, pampu itakapoharibika au mfadhili atakapoondoka, waliokuja kuulamba wataondoka pia. Bwana wetu hakututuma kukusanya walamba mikono. Alitutuma kufanya wanafunzi.

Haya si mawazo ya padre mmoja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya umisionari wa Kanisa, Ad gentes, iliyotolewa mwaka 1965, unafundisha kwamba upendo wa Kikristo unawaendea wote bila kubagua kabila, hali wala dini, na hautafuti faida wala shukrani. Hati hiyohiyo inakataza vikali kumlazimisha mtu kuipokea imani, au kumvuta kwa mbinu zisizostahili. Miaka 40 baadaye, mwaka 2005, Papa Benedikto XVI alirudia jambo hilo katika waraka wake juu ya Mungu aliye upendo, Deus caritas est. Alisema matendo ya huruma hayafanywi kama chombo cha kufikia malengo mengine, kwa sababu upendo ni wa bure. Akaongeza kwamba Mkristo anajua wakati wa kumzungumzia Mungu, na anajua pia wakati wa kunyamaza na kuuacha upendo peke yake useme.

Turudi basi kisimani kwa Yakobo tumtazame Yesu mwenyewe. Yeye ndiye mwenye maji ya uzima, lakini hakuanza kwa kutoa. Alianza kwa kuomba: alimwomba mwanamke yule maji ya kunywa. Hakuwa na kichoteo, na kisima kilikuwa kirefu. Mwana wa Mungu alikubali kuwa mhitaji mbele ya mwanamke wa kabila na dini ambayo Wayahudi hawakuchangamana nayo. Kisha wakaongea. Mwanamke aliuliza, alibisha, alitaka kujua pa kuabudia, na Yesu alijibu kila jambo kwa heshima. Hakuna mahali ambapo alisimama kati yake na kisima akisema: amini kwanza, ndipo uchote.

Somo hilo linawahusu wote wanaoleta miradi vijijini, tukiwamo sisi mapadre. Kabla ya kuwapa watu maji, tuwaombe maji. Yaani tuketi, tupokee kutoka kwao. Wazee wanajua ni wapi kisima cha zamani kilikauka na ni wapi hakijawahi kukauka. Akina mama wanajua njia ipi ni salama kwa binti zao. Wana mikono ya kuchimba mtaro, wana mchanga na mawe. Mtu aliyeombwa mchango wake hukilinda kisima kama chake. Aliyeletewa tu, chombo kikiharibika husema, hicho ni cha wazungu, au hicho ni cha padre.

Lakini ngoja, msomaji wangu, usije ukadhani nasema tuufiche msalaba. Kuna kosa la upande wa pili. Siku moja tu baada ya kuchaguliwa kwake, tarehe 14 Machi 2013, Papa Fransisko aliwaonya makardinali kwamba Kanisa lisipomkiri Kristo litageuka kuwa shirika la misaada lenye huruma, na litaacha kuwa Kanisa. Yesu pale kisimani hakuishia kwenye habari za ndoo na kamba. Alimwonyesha yule mama kiu yake ya ndani zaidi, akamwambia yeye ni nani. Kwa hiyo kisima kinachotokana na sadaka za Wakristo kisionewe haya kusema hivyo. Mtume Petro anatutaka tuwe tayari kumjibu kila anayetuuliza sababu ya tumaini letu, na kuwajibu kwa upole na heshima. Maji yatolewe kwa namna ambayo watu watauliza: hawa wametupa sisi tusio wa dini yao, kwa nini? Wakiuliza, jibu. Jina la kutaja unalo.

Mfano ninaoupenda ni wa Bruda Giuseppe Argese, Mmisionari wa Konsolata kutoka Italia aliyefanya utume Meru, ile ya Kenya, siyo hii yetu ya Arusha. Huko Tuuru palikuwa na kituo cha watoto wenye ulemavu waliohitaji maji. Bruda huyu aliyakusanya maji ya msitu wa milima ya Nyambene na kuyashusha kwa mabomba. Hakuishia kituoni. Kwa miongo kadhaa aliendelea kuyasogeza hadi mradi ukahudumia mamia ya maelfu ya watu wa nyanda kame zilizo chini ya milima hiyo. Wameru walimpa jina, wakamwita Mukiri, mtu mnyamavu. Tazama ajabu hiyo: mmisionari aliyejulikana kwa ukimya wake! Hakuwa padre wa kupanda mimbari. Alikuwa mtawa mwenye mabomba. Lakini nani pale Meru ambaye hakujua anamtumikia nani?

Tena uone neno moja katika habari zake: miongo. Alikaa. Hapa ndipo ninapoiona nafasi ya pekee ya kanisa la mahali. Mashirika mengi yanaweza kuchimba kisima kuliko sisi, kwa haraka na kwa utaalamu. Yana mitambo, yana wahandisi. Shida kubwa ya maji vijijini huja baada ya uzinduzi. Uhakiki wa vituo vya maji vijijini uliofanyika nchini mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya vituo hivyo havikuwa vikitoa maji. Vilichimbwa, vikakatiwa utepe, vikapigwa picha, kisha kipuri kidogo kikakatika na hakuna aliyejua pa kukipata wala nani alipie. Mfadhili ana mradi wa miaka mitatu. Parokia haina mwisho wa mradi. Katekista atakuwapo mwaka kesho na mwaka wa kumi. Jumuiya Ndogo Ndogo itakutana wiki ijayo na nyingine. Injili inasema Wasamaria walimwomba Yesu akae kwao, naye akakaa siku mbili. Kukaa kwetu ndiyo mahubiri yetu ya kwanza.

Kwa hiyo, ewe mjumbe wa halmashauri uliye na barua ya mfadhili mkononi, naomba upime mambo haya kabla ya kutia sahihi.

La kwanza ni mahali. Kisima kichimbwe mahali ambapo mtu yeyote atafika bila kuomba ruhusa ya kupita mlango wa kanisa. Kama eneo zuri ni la kanisa, uzio urudishwe nyuma, na makubaliano yaandikwe mbele ya serikali ya kijiji kwamba maji ni ya wote. Ufunguo usikae kwa paroko.

La pili ni sheria. Uchimbaji unahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, na tangu mwaka 2019 huduma ya maji vijijini iko chini ya RUWASA, inayofanya kazi na jumuiya za watumia maji. Tusijenge ufalme wetu pembeni. Wajibu wa serikali unabaki kuwa wa serikali. Sisi ni wasaidizi wake.

La tatu ni vipimo. Maji meupe si lazima yawe salama. Ndugu zetu wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida wanajua madini ya floraidi yanavyobadili meno ya watoto kuwa ya kahawia, na yakizidi sana huumiza mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuyachemsha maji hakuyaondoi madini hayo. Kumpa mtu sumu kwa jina la Yesu, kwa sababu tu tulikuwa na haraka ya uzinduzi, ni dhambi ya uzembe.

La nne ni kamati na fedha. Kamati ya maji iwe na Waislamu na Wakristo, na akina mama wasiwe wa kupika chai ya kikao tu. Wao ndio wachotaji, basi wao washike na daftari. Watu wachangie kidogo kwa ajili ya matengenezo, kiasi kilekile kwa wote, na wasioweza kabisa kijiji kiwabebe. Mapato na matumizi yabandikwe hadharani. Mweka hazina mwaminifu anaihubiri amri ya saba kuliko mahubiri yangu ya nusu saa.

La tano ni takwimu. Mfadhili ana haki ya kujua fedha yake imefanya nini. Mwandikie ni familia ngapi zinachota, bomba limekaa siku ngapi bila kutoa maji, kamati ina akiba kiasi gani. Akitaka hesabu ya waliobatizwa kwa ajili ya kisima, mwambie kwa adabu kwamba Ubatizo una rejista yake parokiani, na hauandikwi katika ripoti ya maji.

Najua mtaniuliza: Padre, je, mfadhili akikasirika akaenda zake? Watoto wanakunywa matope, nawe unatuletea hati za Mtaguso! Swali hilo ni zito na silikwepi. Wafadhili wengi hawana nia mbaya. Wameandika masharti wakiwa mbali, bila kujua kwamba jirani wa kigango ni Mwislamu aliyesaidia kupaua kanisa hilo. Waelezeni. Waandikieni tena. Mwiteni askofu, mwiteni mwenyekiti wa kijiji. Mara nyingi watasikia. Wasiposikia kabisa, msiwadanganye kwa kutia sahihi jambo ambalo hamtalitenda, wala msilitende. Kisima kinachowagawa wanakijiji kitawaletea kiu nyingine mbaya zaidi. Isaka, katika kitabu cha Mwanzo sura ya 26, alichimba kisima wakakigombania, akachimba cha pili wakakigombania. Hakupigana. Akasogea, akachimba cha tatu, na hicho hakikugombaniwa. Akakiita Rehobothi, kwa maana Bwana alikuwa amewapa nafasi. Tuchimbe mpaka tufike Rehobothi.

Na wakati tunasubiri, tutazame juu. Kanisa la kigango lenye paa la bati la mita za mraba 200, ikinyesha mvua ya milimita 10 tu, linapokea lita 2,000 za maji. Hata zikipotea nyingine njiani, zinabaki zaidi ya lita 1,500. Makanisa mengi yanayaacha maji hayo yachimbe makorongo uani, huku akina mama wa kigango hichohicho wakibeba madumu. Mifereji ya bati na tenki havihitaji barua kutoka ng'ambo. Vinahitaji harambee. Maji hayo yatibiwe kabla ya kunywewa, na yakianza kujaa tenki, majirani wa kwanza kuitwa wawe wale wasiosali nasi. Kama tunashindwa kugawana lita za paa letu, tutagawanaje kisima cha mita 100?

Wapo watakaosema: mbona wenzetu wanachimba visima misikitini, nasi tusipojenga vyetu tutaachwa nyuma? Ndugu yangu, ukiona kisima cha msikiti kinachomruhusu mjane Mkristo achote, mshukuru Mungu, kisha nenda ukamshukuru na shehe. Maji hayana ligi. Siku ya hukumu, kadiri ya Mathayo sura ya 25, Mfalme hatauliza bendera gani ilipepea juu ya tenki. Atazungumzia kiu yake, na nani alimnywesha. Na wengi watashangaa, kwa kuwa walidhani wanampa maji jirani tu.

Yule mwanamke Msamaria aliuacha mtungi wake akakimbilia mjini. Watu wa mji wake walikuja kumsikiliza Yesu, na mwishoni walimwambia kwamba sasa wanaamini kwa kuwa wamesikia wenyewe, siyo kwa maneno yake tu. Hiyo ndiyo imani tunayoitafuta: ya mtu aliyesikia mwenyewe, kwa uhuru, akiwa hana kiu ya koo inayomsukuma. Wiki hii, kila mmoja wetu ajiulize maswali mawili. Karibu na kanisa langu, nani bado anakunywa maji machafu? Na akipata maji kutoka kwetu, atakuwa huru kukataa maneno yetu na bado arudi kesho na ndoo yake?